Jinsi ya Kuanzisha Programu ya Wanafunzi Kuhudumia Jamii: Mwongozo kwa Mwalimu Mratibu

Mwongozo huu unamlenga mwalimu aliyekabidhiwa jukumu la kuratibu shughuli za wanafunzi za kujitolea, ambaye tayari ana baraka za uongozi wa shule lakini hajui aanzie wapi. Programu nyingi za aina hii hufa ndani ya muhula wa pili kwa sababu ziliandaliwa kama tukio la siku moja. Hatua zifuatazo zinakusudia kujenga kitu kitakachoendelea hata mwalimu aliyekianzisha akihamishwa.

Hatua ya kwanza: Tenganisha huduma na adhabu

Kabla ya kuunda kikundi chochote, chunguza jinsi kazi za mikono zinavyotumika shuleni kwako. Ikiwa mwanafunzi aliyechelewa huamriwa kufyeka majani, na aliyepiga kelele huamriwa kusafisha vyoo, basi siku utakapomwambia kwamba kusafisha mazingira ya zahanati ni jambo la heshima hatakuamini, na atakuwa na haki ya kutokukuamini. Kaa na mkuu wa shule pamoja na walimu wa nidhamu mkubaliane kwamba kazi zitakazoingia katika programu hazitatolewa tena kama adhabu. Walimu wengine watapinga. Usikimbilie hatua ya pili mpaka suala hili limemalizika.

Weka pia mpaka wa upande wa pili: huduma isigeuke kuwa ajira isiyolipwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 32, unamlinda mtoto dhidi ya unyonyaji wa kiuchumi na dhidi ya kazi inayoingilia masomo yake. Kipimo ninachokitumia ni rahisi: kama kuna mtu ambaye angelipwa kuifanya kazi hiyo, au kama anayenufaika nayo ni mwalimu au mfanyabiashara binafsi, wanafunzi hawaifanyi.

Hatua ya pili: Wasikilize wenyeji kabla ya kupanga

Hapa ndipo programu inapopata uhai au inapoukosa. Shule huwa na mazoea ya kuamua yenyewe kwamba wazee wa kituo fulani wanahitaji sabuni na nguo, kisha msafara unakwenda, picha zinapigwa, na watu wanarudi wameridhika. Pengine wazee wale walikuwa na sabuni ya kutosha, na walichokikosa ni mtu wa kuwasomea barua au kukaa nao jioni. Kwa hiyo nenda kwanza wewe mwenyewe pamoja na wanafunzi wachache, bila zawadi yoyote mkononi, mkaulize maswali.

Maswali manne yanatosha. Ni kazi gani imekwama kwa kukosa watu wa kuifanya? Ni siku na saa zipi ambazo ujio wa wageni ni mzigo kwenu? Ni nani atakayewapokea wanafunzi na kuwaelekeza? Na ni jambo gani ambalo hamtaki tulifanye? Swali hili la mwisho ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwa kuwa wenyeji wengi kwa ungwana wao hawawezi kumwambia mgeni kwamba anawasumbua mpaka aulize mwenyewe. Andika majibu yao kwa maneno yao, halafu wapelekee nakala wayathibitishe.

Anza na mahali pamoja au pawili tu. Wanafunzi wanaokwenda kwenye maktaba ileile kila wiki kuwasaidia watoto wadogo kusoma huleta manufaa makubwa kuliko wale wanaozunguka kila mwezi mahali papya.

Hatua ya tatu: Waachie wanafunzi maamuzi ya kweli

Roger Hart, mtafiti wa ushiriki wa watoto, katika andiko lake la mwaka 1992 lililochapishwa na UNICEF, alieleza ushiriki wa watoto kwa mfano wa ngazi yenye vidato vinane, na akasema kwamba vidato vitatu vya chini, ambapo watoto hutumiwa, huwekwa kama pambo au hushirikishwa kwa jina tu, si ushiriki hata kidogo. Soma mpango wako ukiwa na vidato hivyo akilini. Ikiwa mwalimu ndiye aliyechagua kazi, siku, vikundi na hata maneno ya kusemwa mbele ya wageni, mwanafunzi amebaki pambo.

Wape majibu mliyoyakusanya katika hatua ya pili, kisha baraza la wanafunzi na madarasa wayajadili na kupendekeza kazi. Mratibu abaki na kura ya turufu kwa mambo mawili tu, yaani usalama na uwezo wa shule. Kila kikundi kimchague kiongozi wake, na si lazima awe kiranja. Mara nyingi mwanafunzi asiyeng'ara darasani huonyesha uongozi wa ajabu akipewa watu watano na kazi inayoonekana.

Swali la kulazimisha au kutolazimisha huulizwa kila mara. Zipo sehemu zilizoamua kulazimisha: jimbo la Maryland nchini Marekani huwataka wanafunzi wa shule za umma wafikishe saa 75 za mafunzo yanayoambatana na huduma ndipo wahitimu, na Ontario nchini Kanada iliweka saa 40. Faida ya sharti ni kwamba hakuna anayeachwa nje. Hata hivyo, utafiti wa wanasaikolojia Stukas, Snyder na Clary uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kulazimishwa kunaweza kupunguza nia ya mtu kuendelea kujitolea baadaye, hasa kwa yule ambaye tangu mwanzo hakuwa na mwelekeo huo. Msimamo wangu ni huu: kama shule yako imeshaweka sharti, usipambane nalo, bali panua uchaguzi ndani yake, ili mwanafunzi achague kazi, wenzake wa kufanya nao na wakati wa kuifanya.

Hatua ya nne: Panga ratiba na usalama

Tenga kipindi ndani ya siku ya masomo. Programu inayofanyika jioni au mwishoni mwa wiki humwacha nyuma mwanafunzi mwenye majukumu nyumbani na yule asiye na nauli, na hao ndio ambao baadaye huitwa wavivu.

Pata idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi inayotaja mahali, kazi, usafiri na saa ya kurudi. Kila kikundi kiwe na watu wazima wawili, na mwanafunzi asiachwe peke yake chumbani na mtu mzima asiye wa shule. Beba sanduku la huduma ya kwanza. Kuhusu picha, idhini ya shule haitoshi: anayehudumiwa naye aulizwe, na akikataa simu zibaki mfukoni.

Hatua ya tano: Wafundishe kazi kabla ya kwenda

Kikao kimoja kinatosha kwa kazi nyingi. Anayekwenda kusoma na watoto afundishwe namna ya kumsubiri mtoto anayekwama bila kumdakia neno, na anayekwenda kupanda miti afahamu ni nani atakayeimwagilia wakati wa likizo.

Hatua ya sita: Tenga muda wa kutafakari

Bila tafakuri, mwanafunzi anaweza kurudi akiwa amethibitisha dharau aliyokwenda nayo. Atasema, "Tumewasaidia maskini," na sentensi hiyo itamfungia mlango wa kujifunza chochote kutoka kwao. Ndiyo maana kila ziara ifuatwe na mazungumzo ndani ya siku chache, yakiongozwa na maswali matatu ambayo mwalimu Mmarekani Terry Borton aliyatumia mwaka 1970 na ambayo bado hayajapitwa na wakati: Nini kimetokea? Kina maana gani? Sasa tufanye nini?

Usiridhike na majibu ya juu juu. Mwanafunzi akisema alifurahi, muulize ni nani ambaye hakufurahi, na kwa nini. Akisema mtaro ulikuwa umeziba, muulize taka zile zilitoka wapi na ni nani mwenye wajibu wa kuziondoa. Hapo walimu wa masomo wanaingia: takwimu za taka zinaingia katika hisabati, magonjwa yatokanayo na maji machafu katika sayansi, na barua ya kuomba mtaro ukarabatiwe katika somo la lugha. Wanaoona ugumu wa kusema mbele ya wenzao waandike katika daftari, ambalo mwalimu hulisoma bila kulisahihisha kwa wino mwekundu.

Hatua ya saba: Weka kumbukumbu na utoe shukrani

Kuhesabu saa ni rahisi, na kwa sababu hiyo hutawala kila kitu. Mpango wa Diploma wa International Baccalaureate, yaani mtaala wa kimataifa wa sekondari ya juu, uliwahi kuhesabu saa katika sehemu yake ya ubunifu, shughuli na huduma, kisha ukaachana na hesabu hiyo na kuangalia kile ambacho mwanafunzi amekipata. Rekodi mahudhurio, ndiyo, lakini rekodi pia kilichobadilika kwa wanaohudumiwa, kwa mujibu wa maelezo yao wenyewe.

Toa vyeti na shukrani za hadharani. Epuka fedha na alama za mtihani. Tarehe 5 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Kujitolea iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985, inafaa kwa hafla kama hiyo, isipokuwa kama shule imefungwa.

Hatua ya nane: Andaa makabidhiano

Wanafunzi huhitimu, na walimu huhama. Kila kikundi kiwe na daftari la makabidhiano lenye majina ya wenyeji wanaowapokea, makubaliano yaliyofikiwa, kazi iliyobaki na mambo yaliyokatazwa, na kila kiongozi anayeondoka aende angalau mara moja pamoja na anayempokea. Kila mwisho wa mwaka warudieni wenyeji mkaulize tena yale maswali manne. Kazi ambayo wamesema imetosha ifungwe rasmi kwa barua ya shukrani, na kikundi chake kirudi katika hatua ya pili.