Mota na tairi za roboti ya kujiundia ziwekwe wapi

Wadogo zangu wa Arusha na Moshi mnaounda roboti nyumbani, naona akili yote inaenda kwenye programu na bodi ya saketi, mota zinapachikwa popote palipobaki nafasi, afu roboti ikishindwa kukata kona lawama zinaenda kwa betri.

Anza na tairi mbili za mota na kigololi kimoja cha kubeba upande wa pili, hata kile cha deodoranti ya kupaka kinafaa. Tairi nne zinapendeza kwa macho ndio, ila zikikata kona lazima ziburuzike pembeni, na hizi mota za njano za plastiki hazina nguvu ya kuchezea. Ukiwa Moshi zunguka Kiborloni kwenye mitumba, ukibahatika kupata gari bovu la watoto lichukue tu, tairi na gia zake zina kazi.

Sasa mota zikae wapi? Zote mbili kwenye mstari mmoja unaokata bodi, yaani kile kibao kinachobeba kila kitu, kwa upana. Chora huo mstari kwanza kwa skwea ya fundi seremala, usikadirie kwa macho, sababu mota moja ikipinda kidogo tu roboti itakuwa inavuta upande mmoja na utahangaika na programu bure. Ukiweka mstari katikati ya bodi roboti inageuka palepale ilipo, ukiusogeza mwisho mmoja basi upande wa pili unafagia na kugonga miguu ya meza. Mi huwa nausogeza nyuma kidogo ya katikati, kigololi mbele.

Hapa kwenye uzito ndo penye kazi yenyewe. Tairi inayosukuma inashika chini kwa sababu imelaliwa, kwahiyo betri, ambayo ndo mara nyingi kitu kizito kuliko vyote, iweke karibu na tairi za mota na sio juu ya kigololi. Tuseme kutoka mstari wa tairi hadi kigololi ni sentimita 12, na uzito wote umeegemea sentimita 3 mbele ya tairi: kigololi kitabeba robo, tairi robo tatu, safi kabisa. Kuhakikisha, laza kigololi kwenye mizani ya jikoni na tairi juu ya daftari zenye kimo sawa na mizani, roboti ya gramu 600 inatakiwa isome kama 150 hivi. Ikisoma 300 tairi zitateleza kwenye sakafu ya niru, hasa ikiwa na vumbi, na vumbi la huku mnalijua. Ikikaribia sifuri nayo mbaya, ukiondoka kwa kasi itainua pua.

Betri iwe chini pia, hata chini ya bodi kama haigusi sakafu.

Tairi zikiachana sana roboti inatulia ila inachelewa kugeuka, zikibanana inageuka haraka mpaka inapitiliza. Na acha upenyo kati ya tairi na bodi, milimita 3 au zaidi, hizi tairi huwa zinayumba.

Ukishafunga boliti, inua roboti juu uwashe. Tairi moja ikienda mbele na nyingine nyuma usishtuke, mota zimetazamana ndo maana, badilisha nyaya mbili za mota moja tu halafu shusha chini ujaribu.