SOMO: Kuchagua kifaa cha kurusha skrini chumba cha mikutano bila kuacha mlango wazi

Wakuu, habari za kazi.

Mwaka jana tukiwa kwenye kikao cha bajeti, mhasibu amesimama anaeleza jedwali la mishahara, mara runinga ikakata na video ya singeli ikaanza, sauti juu. Watu walicheka. Mimi mtu wa IT sikucheka. Kijana wa ofisi ya ghorofa ya chini alikuwa anatafuta TV yao, akagusa jina la kwanza aliloliona kwenye simu, na kifaa chetu kikampokea bila kumuuliza chochote. Tangu siku hiyo nikinunua kifaa cha namna hii siangalii kwanza ubora wa picha.

Hatua ya 1: Nani atarusha?
Jua hili kabla hujaulizia bei. Ni wafanyakazi wenye laptop za ofisi tu, au na wageni wenye simu zao? Kama ni chumba kimoja na watu walewale kila siku, nunua kebo ya HDMI ndefu uendelee na maisha. Aliye koridoni hawezi kuigusa.

Hatua ya 2: Zijue aina, ila usiabudu jina
Miracast imo ndani ya Windows, na kwa kawaida laptop huongea na kifaa moja kwa moja bila kupita kwenye ruta. AirPlay ya Apple na Google Cast mara nyingi hupita kwenye Wi-Fi ya ofisi. Halafu zipo za kitufe, kama ClickShare ya Barco: unachomeka kitufe kwenye USB, unabonyeza, picha inapanda.

Bei kubwa si kinga. Mwaka 2019 watafiti wa Tenable, kampuni ya usalama wa mitandao, walitangaza mashimo 15 ya usalama kwenye vifaa vya kurusha skrini vya Crestron, AM-100 na AM-101. Kibaya zaidi, programu ya ndani ilikuwa na asili moja na ya vifaa vingine vinavyouzwa kwa majina tofauti, kwa hiyo navyo vikakutwa na baadhi ya mashimo hayohayo. Desemba mwaka huohuo F-Secure, kampuni nyingine ya usalama, wakaeleza waliyoyakuta kwenye ClickShare, na Barco wakatoa apdeti. Mimi simwogopi muuzaji aliyekutwa na shimo. Namwogopa asiyeziba.

Hatua ya 3: Maswali kabla ya kutoa LPO (hati ya kuagiza)
Je, PIN inabadilika kila kikao? Picha inasimbwa njiani, ili wa nje asiisome? Ukurasa wa mipangilio unafungwa kwa nywila yangu mwenyewe, au ni ileile iliyoandikwa kwenye kijitabu? Kinakubali 802.1X, yaani kujitambulisha kwanza kabla ya kuruhusiwa kwenye mtandao? Na apdeti zitatoka mpaka mwaka gani? Hilo la mwisho lidai kwa maandishi. Machi 2025 Chromecast (kifaa cha Google cha kurusha skrini) za toleo la pili ziligoma kufanya kazi kwa sababu cheti cha kidijitali cha ndani kiliisha muda, wakati zenyewe ni nzima kabisa. Google walirekebisha baada ya siku chache, lakini hebu fikiria kingekuwa kifaa cha kampuni iliyokwisha kufunga duka.

Hatua ya 4: Kukifunga (hapa ndipo wengi tunaharibu)
Vingi vya vifaa hivi vina miguu miwili. Mmoja ni waya wa mtandao unaoingia kwenye swichi yako, mwingine ni Wi-Fi ambayo kifaa chenyewe kinarusha. Mtu akiingia kwa Wi-Fi hiyo, akakuta waya umechomekwa mtandao mmoja na seva ya mahesabu, basi umemjengea daraja. Kama Wi-Fi ya kifaa huihitaji, izime. Kifaa kipe VLAN yake, yaani mtandao wake uliotengwa ndani ya swichi ileile. Ruhusu laptop za ofisi kukifikia, na tena kwa milango (port) inayohitajika tu. Kifaa chenyewe kisiruhusiwe kuanzisha safari kwenda upande wa ofisi.

Ukishatenga utasikia kelele: "Hakionekani!" Ni kweli, kwa sababu AirPlay na Google Cast hutafutana kwa mDNS, yaani matangazo ya "nipo hapa" kwenye mtandao, mlango 5353 wa UDP, na matangazo hayo hayavuki VLAN. Wengi wakifika hapa hukata tamaa na kurudisha kila kitu kwenye mtandao mmoja. Usirudishe. Ruta na kontrola nyingi za Wi-Fi za ofisi zina sehemu ya kuvusha mDNS, iwashe kwa VLAN hizo mbili tu. Vinginevyo chagua kifaa kinachoonyesha anwani yake ya IP kwenye skrini, watu waiandike.

Zima na UPnP kwenye ruta, ile inayoruhusu vifaa vijifungulie milango ya intaneti vyenyewe. Januari 2019 maelfu ya Chromecast yalilazimishwa kuonyesha video za wadukuzi kwa sababu ruta zilikuwa zimeyaanika kwenye intaneti.

Hatua ya 5: Jaribio la ngazi
Chukua simu yako, itoe kwenye Wi-Fi ya ofisi ila Wi-Fi ya simu ibaki imewashwa, nenda kasimame kwenye ngazi. Jaribu kurusha. Rudia ukiwa kwenye Wi-Fi ya wageni. Ukifanikiwa bila PIN, usilipe salio.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, sisi tunashare kwa Zoom au Teams hata tukiwa chumba kimoja. Kuna ubaya?*
Hamna ubaya, ila picha inazunguka intaneti kurudi mita tatu, kwa hiyo bando linaliwa na video inakwama. Hakikisheni tu kompyuta ya chumba haibaki imeingia kwa akaunti ya mtu.

*Kaka, bosi wetu hataki PIN, anasema inampotezea muda mbele ya wageni. Nimfanyeje?*
Omba ruhusa yake umwonyeshe. Yeye akae chumbani, wewe uko mapokezi, rusha picha yoyote kwenye skrini yake. Wa kwangu aliniambia niweke PIN kabla sijarudi chumbani.

*Chumba chetu kina ukuta wa kioo, PIN inasomeka kutoka nje. Bado inasaidia?*
Kidogo, kama inabadilika kila kikao. Yetu ilikuwa inasomeka vizuri kabisa ukiwa unachota maji kwenye dispensa. Tuliihamishia runinga ukuta wa pili.