Somo: Kutafuta maji yaliyojificha ukutani kwa kamera ya joto

Wakuu, salaam. Leo tushike kamera ya joto kwenye ukaguzi wa nyumba, hasa hizi zetu za pwani ambako bomba huvuja ndani kwa ndani na mwenye nyumba hushtuka rangi inapoanza kubambuka.

Kamera hii haipenyi ukuta wala haioni maji. Inasoma joto la uso wa ukuta tu. Penye unyevu panaonekana kwa sababu maji yakikauka hunyonya joto la plasta, na pale hupoa kuliko pembeni, mara nyingine kwa digrii 1 au 2 tu. Kwa hiyo maandalizi ni nusu ya kazi.

Hatua ya 1: Chagua saa. Kuta za ndani zipige picha asubuhi, kabla jua halijachoma ukuta wa nje. Paa bapa la zege lililofunikwa lami lina kanuni ya kinyume: subiri siku kavu yenye jua kali, kisha panda juu baada ya jua kuzama. Maji yaliyonaswa chini ya lami hayawezi kukauka, na kwa uzito uleule yanabeba joto zaidi ya mara 4 kuliko zege. Palipo pakavu patapoa mapema, palipo na maji patabaki na joto. Ndani unatafuta baka la baridi, juu ya paa unatafuta baka la moto. Hapa wengi wanachanganya.

Hatua ya 2: Weka kamera sawa. Emisiviti (uwezo wa uso kutoa mionzi ya joto) iweke 0.95 kwa plasta iliyopakwa rangi. Bati na bomba la kroma vitakudanganya. Bandika tepu nyeusi ya umeme, iache ishike joto, upime juu yake. Kisha funga skeli (kiwango cha joto ambacho rangi za picha zinaonyesha) kwenye upana wa kama digrii 5. Ukiiacha ijirekebishe yenyewe, hata ukuta usio na tatizo utaonekana mgonjwa.

Hatua ya 3: Chokoza tatizo. Fungulia maji ya moto, bomba lake litajichora ukutani. Ukishuku sakafu ya bafu la ghorofani, mwaga maji ya uvuguvugu na uangalie dari ya chini.

Hatua ya 4: Thibitisha. Upepo wa kiyoyozi huacha baka la baridi, na nguzo ya zege katikati ya tofali huonekana tofauti. Weka kipima unyevu palepale. Tafadhali sana, usivunje vigae vya mtu kwa picha peke yake.

Mwisho hifadhi picha ya joto na ya kawaida pamoja, na saa uliyopiga.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Bomba la maji baridi ndani ya ukuta nitaliona?
– Marahaba. Mara nyingi hapana, maji yake yana joto sawa na ukuta. Utaona unyevu likivuja, na kabla unyevu haujajitokeza, mita ya maji inayozunguka huku umefunga kila kitu ni ushahidi mzuri zaidi.

Kaka, nikielekeza dirishani naona mtu amesimama nje, na hakuna mtu!
– Ni wewe. Kamera hizi husoma mionzi ya takriban mikroni 8 hadi 14. Kioo hakiipitishi, kinairudisha kama kioo cha kujitazamia.

Niko Mombasa. Breka moja kwenye bodi ya umeme ina joto kuliko zingine. Niibadilishe?
– Linganisha kwanza na breka yenye mzigo unaofanana, vyombo vikiwa vimewashwa. Joto lililotapakaa sawasawa kwenye waya mara nyingi ni mzigo. Likikusanyika kwenye skrubu na kufifia kadiri waya unavyoenda mbali, shuku kiungo kilicholegea, na hicho huanzisha moto. Usifungue kifuniko mwenyewe. Ita fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati ya Kenya), leo hii.