Pima betri gari likiwa na mzigo
Anayechagua gari la umeme la porini kwa uwindaji wa kibali, kama ule wa mashamba yanayopakana na Hifadhi ya Ziwa Mburo nchini Uganda, asitegemee umbali anaotajiwa na muuzaji. Lipakie watu wawili na mchanga wa kilo 60, karibu uzito wa swala pala dume, uliendeshe nyasini na vilimani mpaka betri ishuke kutoka asilimia 100 hadi 80, kisha uzidishe kilomita hizo mara nne, ili asilimia 20 ibaki kama akiba. Huo ndio mwendo wako wa kwenda na kurudi, kwa kuwa mlima, mzigo na matope hunyonya umeme kuliko barabara tambarare. Kipimo hiki hakifai kwa betri za madini ya risasi na asidi, ambazo mshale wake wa kuonyesha chaji hudanganya, wala hesabu ya kiangazi haifai masika.