Salfa ya shambani si dawa ya pipa

Mtajie salfa mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi, kule Dodoma, atafikiria ule unga wa njano anaopuliza ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, unapoanza kushika majani. Mkanganyiko unaanzia hapo, kwa sababu siku ya kusindika zabibu kuwa mvinyo anaambiwa tena, "Weka salfa." Msimu uliopita nilifunua ndoo ya mvinyo, ikanipiga harufu ya mayai viza. Mwenyewe alikuwa ametia kijiko cha ule unga wa njano. Mvinyo unapochachuka, hamira huigeuza salfa hiyo kuwa gesi yenye harufu mbaya. Ndoo nzima ilimwagwa, na iliniuma.

Inayotakiwa kwenye pipa ni metabisalfaiti, ya sodiamu au ya potasiamu. Hiyo ni nyeupe, na kwenye lebo za vyakula huandikwa E223 au E224. Ikikutana na maji ya zabibu hutoa gesi ya salfa dayoksaidi, ile inayokukaba pua ukiwasha kiberiti. Gesi hiyo huwadhibiti bakteria wanaogeuza mvinyo kuwa siki, hudhoofisha hamira za porini, na huzuia rangi isigeuke kahawia. Nguvu yake hutegemea uchachu wa maji ya zabibu, kwa hiyo zabibu zilizoachwa mtini mpaka uchachu ukapotea huilemea.

Kwenye kipimo ndipo ninapowasihi sana. Gramu 8 hadi 10 zinatosha lita 100 za maji ya zabibu safi. Kijiko kinadanganya, kikundi kichange kinunue mizani ndogo ya gramu. Yeyusha kwenye kikombe cha maji baridi, mimina, koroga, kisha subiri hadi kesho yake ndipo utie hamira. Fanyia kazi hiyo penye hewa, mwenye pumu akae mbali. Na kwenye chupa andika kwamba ina salfaiti, kwani mnywaji mwenye pumu anaweza kubanwa kifua.

Pakiti iliyoingia unyevu ikagandamana hupoteza nguvu, usiiamini.

Wapo wanaouliza kama metabisalfaiti inafaa kuhifadhi nyama. Hapana: huirudishia wekundu nyama iliyoanza kuharibika, mlaji asijue, na huua vitamini B1. Mlenda nao hauihitaji. Uanikeni juani kama bibi zetu walivyofanya, na pakiti ya metabisalfaiti ikae kwenye chombo chake chenye jina, mbali na salfa ya shambani.