Somo: Kasuku wadogo walale vizuri usiku, hasa baridi hii ya Mbeya

Wadau, "ndege wangu wanarukaruka usiku kucha" nimeshalijibu mpaka vidole vimechoka. Naandika mara moja. Nazungumzia kasuku wadogo wa asili ya Australia, wale wa kijani na bluu.

1. Wape masaa 10 hadi 12 ya giza. Mimi nafunika saa moja jioni.

2. Tundu litoke sebuleni. TV na usingizi haviendani.

3. Kijiti cha kulalia kiwe juu kabisa. Cha mpera kinafaa.

4. Funika kwa khanga pande tatu, mbele acha wazi. Blanketi la nyuzinyuzi linanasa kucha.

5. Joto. Hapa ndipo nilipoharibu. Juni mwaka juzi, huku Uyole, niliingiza jiko la mkaa chumbani walimo. Mkaa ulikuwa umeshakolea, moshi hakuna, nikajiona mjanja. Alfajiri nikaamka kichwa kinagonga. Nafunua khanga: mmoja yuko chini, miguu juu. Mwenzake kang'ang'ania waya, mdomo wazi, mkia unapanda na kushuka. Nikamkimbiza barazani, huyo akapona. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na ndege inamwahi kabla yako. Wachimba makaa ya mawe Uingereza walikuwa wakishuka na chiriku kwa sababu hiyo hiyo, mpaka 1986. JIKO LISIINGIE. Hata dakika tano. Hata "limeshakolea".

6. Acha taa hafifu. Umeme ukikatika ghafla au panya akipita, wanashtuka na kujigonga kwenye waya.

MASWALI

Mdau, Njombe: Jiko likikaa mlangoni, dirisha wazi kidogo?

Jibu: Namba 5.

Mdau, Njombe: Nimesoma mkuu, ila huku leo asubuhi majani yalikuwa meupe kwa barafu.

Jibu: Pole, huko kwenu ni kwingine. Tundu lisigusane na ukuta wa nje. Jaza chupa maji moto, izungushie taulo, iweke nje ya tundu upande mmoja, ili anayetaka joto asogee. Akijituna usiku ni kawaida. Jua likipanda bado kajituna na hali chakula, huyo anaumwa.

Mdau, Iringa: Wangu wanapiga kelele usiku, nifanyeje?

Jibu: Tundu liko wapi?

Mdau, Iringa: Sebuleni, pembeni ya TV.

Jibu: Namba 2.

Mdau, Iringa: Si ungejibu tu vizuri, kwani shida nini?

Jibu: Nimejibu. Na kabla hujauliza nilikuwa nimeshajibu.

Mdau, Mafinga: Mmoja wangu hulala jicho moja limefumba, jingine linaniangalia. Mgonjwa?

Jibu: Swali zuri sana hili. Ndege wengi wanaweza kulaza nusu ya ubongo, nusu ikabaki zamu, na jicho lililo wazi ndilo la mlinzi. Mara nyingi ni mgeni, au kuna kitu hakiamini. Angalia jicho hilo linatazama upande gani. Paka hapiti hapo?

Mdau, Mafinga: Dirishani! Paka wa jirani hulala pale nje!

Jibu: Basi umempata.

Mdau, Sumbawanga: Mimi nawapa suke la ulezi kabla ya kufunika, wanatulia kabisa.

Jibu: Masuke mazima unayapata wapi? Sokoni kwetu unauzwa umeshapurwa.

Mdau, Sumbawanga: Njoo wakati wa mavuno, na gunia lako.