Kabla hamjamrudisha mgonjwa nyumbani chini ya hospisi

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito, mkoani Tanga. Ndugu wakisikia hospisi, yaani huduma hiyo kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi tena, huuliza kitanda kiko wapi. Kwetu, kama ilivyo Kenya na Uganda, sehemu kubwa ya huduma hii humfuata mgonjwa nyumbani kwake, na faida na hasara zake nyingi zinaanzia hapo.

Faida kubwa ni maumivu kutulia. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa nne, mgonjwa asingojewe mpaka alie. Ipimwe kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Mwambie aonyeshe maumivu kwa mkono: ngumi ni hakuna, vidole vitano ni yasiyovumilika. Andika saa, dozi na vidole kwenye daftari. Nikifika, daftari hilo linanifaa kuliko maelezo ya ukoo mzima.

Halafu atatokea mjomba kutoka mjini: "Mnampa madawa ya kulevya!" Mwambieni taratibu kwamba anayeinywa kwa maumivu, kwa kipimo alichoandikiwa, hageuki teja. Kinachomtesa kweli ni choo kigumu, kwa hiyo daini dawa ya kulainisha choo siku ile ile mnayopewa mofini. Usingizi wa siku za mwanzo hupungua. Ila akiwa haamshiki, au anapumua polepole mno, msimpe dozi nyingine, pigeni simu.

Uganda, tangu 2004, wauguzi waliosomea kazi hii wanaruhusiwa kuandika mofini wenyewe. Mimi lazima daktari aandike. Basi chupa ikibaki robo nijulisheni, msingoje iishe Ijumaa jioni.

Ubaya wake, ambao sisi wenye mikoba hatupendi kuusema, ni kwamba mimi naja na kuondoka. Masika yakikata barabara, siji kabisa. Kumgeuza kila saa mbili asipate vidonda vya mgongoni, kufua mashuka, kusafisha kidonda cha saratani (kinachonuka, niulizeni kuhusu unga wa vidonge vya metronidazo, unakata harufu), yote hayo ni yenu. Na "yenu" mara nyingi ni binti mmoja aliyefunga genge lake la mboga, hasara ambayo hakuna anayeihesabu.

Kwa hiyo kaeni kikao kabla ya kutoka wodini. Nani analala naye usiku upi? Nani anatoa pesa ya sabuni na nepi? Chupa ya mofini iwe na mshikaji mmoja, na ifungiwe mbali na watoto. Walio Dar au Muscat watume pesa, ushauri tunao wa kutosha. Kama nyumbani hakuna mtu wa usiku, mimi nasema abaki wodini kwanza.

Wala kuingia hospisi si kuiaga hospitali. Mama anayetokwa damu kwa saratani ya shingo ya kizazi bado anaweza kusaidiwa na mionzi pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hata kama haitamponya.

Muulizeni pia mgonjwa mwenyewe angali anaongea: anataka kuwa wapi, nani aitwe, deni gani lilipwe. Bibi mmoja wa Pangani alinijibu kwamba hafi mtu hapa mpaka mpaka wa shamba lake la minazi ujulikane. Kesho yake mwenyekiti wa kijiji aliitwa.